Siku Amâncio Alipokata Kamba

Fataki ililia mume wangu akiwa amenyoa shavu moja tu.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo tulichokitundika kwenye mlango wa jikoni, sabuni imemjaa usoni. Mimi nilikuwa nakanda unga wa mahindi, na wifi yangu Otília, aliyekuja likizo kutoka Amerika, alikuwa akinisimulia habari za mashine yake ya kufulia. Fataki ya kwanza ikapasuka angani, halafu ya pili. Maana yake kila mtoto wa kijiji chetu aliijua: Laurénio, mlinzi wa mnara wa juu ya jabali, ameona nyangumi wakipumua baharini.

Evaristo akatupa wembe ndani ya beseni, akafuta povu kwa kiganja, akatoka mbio miguu mitupu, viatu mkononi.

"Malizia basi hilo shavu la pili!" Otília akampigia kelele.

"Siendi kumwoa nyangumi!" alijibu, na tayari alikuwa ameshauruka ukuta wa shamba la mizabibu.

Nikafunga mkate na kipande cha jibini ndani ya kitambaa, nikateremka gatini nyuma yake. Ndivyo wanawake wote wa upande wetu wa kisiwa cha Pico tulivyofanya, maana nahodha hamsubiri mtu ale. Nilipofika, mashua ilikuwa imeshaingia majini na boti ya injini inaifunga kamba iivute hadi bahari kuu. Nikarusha kifurushi, Evaristo akakidaka kwa mkono mmoja. Hakunitazama. Hakuwahi kunitazama wakati wa kutoka, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Mume wangu alikuwa mpiga chusa. Wenzetu duniani walikuwa na meli za chuma zenye mizinga, sisi tulikuwa bado na mashua nyembamba ya mbao, makasia, na mtu mmoja anayesimama mbele kabisa na kurusha chusa kwa mkono wake, akiwa karibu na nyangumi kiasi cha kuweza kumpapasa. Chusa halimuui. Linamshika tu. Nyangumi anakimbia au anazama, na kamba inachomoka kwenye pipa kwa kasi hata lazima imwagiwe maji isiwake moto. Akichoka, nahodha anakwenda mbele na mkuki mrefu, anamalizia.

Nahodha wao alikuwa Mzee Amâncio, jirani yetu. Sifa yake ilivuka visiwa: Amâncio hajawahi kukata kamba. Shoka lilikuwa pale miguuni mwake, limenolewa, kwa ajili ya siku ambayo nyangumi angetaka kuizamisha mashua, lakini alijigamba kwamba lile shoka halijaonja kitu zaidi ya kutu.

Kaka yangu Hermínio alikuwa mpiga chusa wa Amâncio kabla ya mume wangu. Mwaka nilioolewa, kamba ilimnasa kifundo cha mguu. Waliokuwepo walisema hakupiga hata kelele. Alitoka ndani ya mashua kama mtu aliyeitwa nje. Hatukuzika kitu. Hakuna aliyemlaumu Amâncio, maana jambo lenyewe lilikuwa la kufumba na kufumbua. Mama yangu mwenyewe alimpelekea mkate ili asifikiri tuna kinyongo. Lakini tangu hapo Amâncio hakupita mbele ya mlango wetu bila kuvua kofia, hata kama mlango umefungwa na sisi tuko shambani. Evaristo, aliyekuwa mpiga kasia, ndiye aliyepewa nafasi ya Hermínio. Hakuna aliyeniuliza, na kama wangeniuliza sijui ningejibu nini. Tulikuwa tunahitaji kula.

Hilo la kula nalisema makusudi. Viatu vyangu vya komunyo ya kwanza vilinunuliwa na nyangumi. Bati la nyumba ya baba lilinunuliwa na nyangumi. Miaka ambayo ugonjwa uliua mizabibu na mahindi yakakauka, aliyetaka unga alikwenda baharini au alipanda meli ya Amerika akatuacha. Kwa hiyo mtu akinijia na maneno ya kutulaani, namwambia akae kwanza nimpe supu, halafu tuzungumze.

Otília ndiye aliyeyaleta maneno hayo mezani kwetu, Jumapili moja kabla ya siku ya fataki. Nilikuwa nimepika kuku, na Mzee Amâncio na mkewe walikuwa wageni wetu. Otília alikuwa amevaa fulana yenye picha ya nyangumi kifuani. Amâncio aliitazama ile fulana tangu supu mpaka kuku, mwisho akashindwa.

"Binti, huyo nyangumi kwenye kifua chako amechorwa na mtu ambaye hajamuona. Mkia huo ni wa samaki sokoni."

"Amechorwa na watoto wa shule, mzee," Otília alisema. "Kule kwetu watoto wa shule wanachangisha fedha za kuwaokoa."

"Kule kwenu wapi? Wewe umezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, na mbuzi wa mama yako alikuwa analala ndani."

Sote tukacheka, na Otília mwenyewe akacheka, lakini hakuachia. Akasema nyangumi wananyonyesha. Akasema wanaishi kama ndugu, majike na watoto na mashangazi, na mama akizama kutafuta chakula wengine wanabaki juu kumlinda mtoto.

"Hayo unatufundisha sisi?" Amâncio akauliza. "Mimi nimeyaona kabla hujazaliwa. Hebu na mimi nikufundishe. Unajua nani alituletea kazi hii? Ni hao hao Waamerika wa mji wako wa New Bedford. Babu yangu alichukuliwa hapo nje na meli yao akiwa hajaota ndevu. Miaka sita! Alirudi na meno mawili ya nyangumi na Kiingereza cha matusi matupu. Walizunguka dunia nzima wakiua na kuchemsha, ili miji yao iwe na taa. Walipogundua mafuta ya ardhini, ndipo wakaingiwa na huruma. Halafu wakaja wengine na mizinga, wakaikomba bahari ya kusini mpaka ikabaki maji. Sasa dunia imeshtuka, inatafuta wa kumnyooshea kidole, inatukuta sisi na makasia yetu!"

"Hapo husemi uongo, mzee," Otília alijibu. "Lakini huyo unayemchoma mkuki hajui kwamba wengine waliua wengi kuliko wewe. Yeye ana maisha yake hayo hayo tu. Na tena niambie, haya mafuta yenu siku hizi ananunua nani?"

Amâncio akainamia sahani yake. Hilo lilikuwa jambo ambalo hatukulisema. Kiwanda cha mafuta ya nyangumi kilikuwa kinalipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Vijana walikuwa wamekimbilia kazi za ujenzi na ng'ombe wa maziwa. Mashua zilizokuwa zikijaa gati zilikuwa zimebaki chache, na ya Amâncio ilitoka kwa sababu tu kila mtu kwenye makasia alijua kwamba yeye mwenyewe akikosa, wenzake hawatatoka.

"Evaristo," Otília akamgeukia kaka yake, "mbona wewe husemi?"

"Nisogezee mvinyo," mume wangu akasema.

Kesho yake tulikwenda wawili kuchuma tini. Evaristo alikuwa juu ya ngazi, mimi chini nashika kikapu, na akaanza kuzungumza bila kunitazama, kama anazungumza na matawi.

"Otília hakusema yote," alisema. "Kuna jambo yeye halijui."

"Lipi?"

"Septemba iliyopita, wale tuliowapata kule kusini. Nilimchoma mmoja, jike. Hakuzama. Wenzake wakaja. Wakamzunguka, vichwa vyao ndani, mikia yao nje, kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa. Wangeweza kukimbia, Zulmira. Bahari yote ilikuwa yao. Hawakukimbia. Amâncio akaua mmoja, akaua wa pili, na waliobaki wakasogeleana kuziba pengo."

Nikakumbuka siku ile. Kijiji kizima kilisherehekea, na Evaristo alisema ana homa, akalala mapema.

"Uliwaambia wenzako?"

"Niwaambie nini? Kwamba naogopa?"

"Kwani ni woga?"

Akafikiri, tini mkononi. "Sijui jina lake. Najua tu kwamba nikisimama pale mbele sasa, mkono unakuwa mzito, nami nauinua hivyo hivyo."

"Basi acha, Evaristo. Acha tu."

"Niache vipi? Mpiga chusa akiacha, mashua haitoki. Amâncio ataishi kwa nini, yule mzee? Na Tibério, mpiga kasia wetu, amejitapa kila baa ya kisiwa kwamba yeye amezaliwa kwa ajili ya nyangumi. Nitawatazama vipi?" Akanipa tini. "Shika. Hii imeiva sana, usiiponde."

Sikusema tena. Nilikuwa na sababu zangu mwenyewe za kutaka aache, zilizokuwa na jina la kaka yangu, na nilijua nikizitamka atadhani namkumbusha kwamba nafasi ile ni ya marehemu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku fataki ilipolia. Nilipanda nyumbani, nikaoka mkate. Bahari ilikuwa imelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Otília alisimama uani akitazama vidoa vyeupe vya tanga na boti mpaka vikapotea.

Saa sita mchana ukungu ukaja. Hautujii kwa kutangatanga, ukungu wetu. Unateremka mlimani na kupanda kutoka baharini kwa pamoja, na pale unapokutana hakuna kinachobaki. Kwanza ulimeza mnara wa Laurénio, kisha kanisa, kisha ukuta wa uani kwangu. Nikavaa shali, nikateremka gatini nikipapasa mawe.

Wanawake wengine walikuwa wameshafika. Mke wa Amâncio alikuwa ameketi juu ya gurudumu la kuvutia mashua, rozari mkononi. Baadaye kidogo Laurénio naye akatokea, darubini shingoni, anahema. Alikuwa mtu mpole, mwembamba kama fimbo, ambaye maisha yake yote alikuwa ametazama watu wengine wakiingia hatarini.

"Walimchoma," alituambia. "Evaristo alimchoma vizuri. Dume, mkubwa. Akawavuta kuelekea kusini-magharibi, mbio, mbio, na boti ya injini ilikuwa nyuma sana na wale wa mashua nyingine. Halafu ukungu. Sikuona tena."

"Tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Tangu ukungu, Zulmira. Nikwambie nini?"

Boti ya injini ilirudi alasiri, inakwenda polepole, inapuliza honi. Ilikuwa inavuta mashua nyingine. Ya kwetu haikuwemo. Mwendeshaji alipanda ngazi za gati akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, na aliponiona akatazama pembeni. "Tumezunguka mpaka mafuta yakaelekea kuisha," alisema. "Tumeita. Tumezima injini tukasikiliza. Hatukusikia kitu. Najaza, narudi."

Niliikumbuka siku ya Hermínio. Nikaketi kando ya mke wa Amâncio na tukashikana mikono kama wasichana wa shule.

Otília ndiye ambaye hakuweza kuketi. "Hawajui nchi kavu iko wapi," alisema kwa sauti. "Kama wako hai, wanapiga makasia bila kujua wanakokwenda. Kengele! Kwa nini kengele hailii?"

Mtu akamwambia padri amekwenda kisiwa cha pili, na mtunza kanisa hagusi kengele bila ruhusa yake. Otília akaondoka. Tulisikia sauti zao ndani ya ukungu, zinatoka juu kama watu wanaogombana mbinguni.

"Dada, kuna taratibu! Kengele inalia kwa misa, kwa maziko na kwa moto!"

"Basi nitachoma kanisa, halafu uipige kwa moto! Nipishe!"

Muda kidogo kengele ikaanza. Haikuwa mlio wa misa wala wa maziko. Ilikuwa mipigo isiyo na mpangilio, ya mtu asiyejua kazi hiyo, mara mbili upesi, mara moja kwa kuchelewa, lakini haikukoma. Wanawake walipanda kumpokea, wakarudi wakasema hataki kuachia kamba. Mtunza kanisa mwenyewe alikuwa amemfunga matambara viganjani na amesimama kando yake anamwelekeza: vuta, achia, vuta.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Ukungu ulianza kugeuka rangi ya kijivu cha jioni. Mke wa Amâncio alikuwa amemaliza rozari na kuianza upya. Kisha akakaza mkono wangu.

"Sikiliza."

Sikusikia kitu ila kengele na maji.

"Sikiliza, nakwambia! Mtu anatukana!"

Na kweli, mbali ndani ya weupe ule, sauti ya mzee ilikuwa inawatukana watu mama zao, bibi zao na watakatifu wao wote, ikiwaamuru wavute kulia, kulia, kwani nyinyi ni viziwi, kengele iko kulia! Nimesikia kwaya nyingi maishani mwangu. Hakuna iliyonifurahisha kama matusi ya Amâncio siku ile.

Mashua ikachomoza. Nikatazama mbele, mahali pa mpiga chusa. Hapakuwa na mtu.

Nadhani niliita. Mwendeshaji wa boti alinishika mabega nisiingie majini. Halafu nikaona, chini kwenye sakafu ya mashua, kati ya miguu ya wapiga makasia, uso wa mwanamume mwenye shavu moja jeupe na lingine jeusi kwa ndevu. Mguu wake ulikuwa juu ya mapaja ya Tibério, umefungwa shati lenye damu. Na alikuwa anacheka. Ananitazama mimi moja kwa moja, na anacheka.

"Zulmira!" akaniita. "Mkate ulikuwa na chumvi nyingi!"

Nikamwambia nitamuua kwa mikono yangu. Nililia na kumtukana pamoja, na Amâncio, aliyekuwa ameshika kasia la usukani, aliacha kutukana ili anisikilize.

Mambo yaliyotokea tuliyapata vipande vipande, kila mtu akimkata mwenzake kauli. Yule dume aliwavuta kwa muda mrefu, kisha akazama ghafla. Kamba ikaruka kwenye pipa, ikatengeneza kitanzi, na kitanzi kikamshika Evaristo juu kidogo ya kifundo. Pale pale kamba ilipomnasa Hermínio.

"Nilianguka chali," Evaristo alisema wakati muuguzi akimfunga mguu nyumbani kwetu. "Nikavutwa kuelekea ukingoni. Nilishasema kwaheri, kweli kabisa. Halafu nikasikia *ta!* Kamba ikalegea. Nikainua kichwa, nikamuona Amâncio na shoka."

"Alikata?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaambiwa.

"Alikata kabla sijafika ukingoni. Zulmira, lile shoka lilikuwa tayari mkononi mwake. Alikuwa amelishika tangu nilipomchoma nyangumi. Leandro, anayeketi kasia la nyuma, anasema huwa analishika hivyo kila mara, miaka yote hii. Mimi niko mbele, nampa mgongo, sikuwahi kujua."

Nilitoka nje nikamkuta Amâncio amesimama mbele ya mlango wetu, kofia mkononi. Nikamshika uso kwa mikono miwili, nikambusu mashavu yote mawili. Alikuwa amekata kamba na kupoteza nyangumi mkubwa kuliko wote wa msimu ule, na alionekana kama mtu aliyeshushwa mzigo wa kuni mgongoni.

Evaristo aligoma kulala. Alitaka kwenda baa na wenzake, basi wakambeba kwenye kiti cha jikoni kwangu, na mimi na Otília tukafuata nyuma, viganja vya Otília vimepakwa mafuta na kufungwa kama mtoto aliyeungua. Wanawake hatukuwa na desturi ya kuingia pale, lakini siku ile nani angetuzuia?

Waliketi meza moja, pombe kali ya tini mbele yao, na hakuna aliyekunywa. Watu walikaa kimya kuwaheshimu, wakidhani wanaona uchungu juu ya nyangumi aliyepotea. Amâncio akakohoa.

"Nina neno," alisema. "Mtanisamehe. Mashua itafutieni nahodha mwingine. Mimi sitoki tena."

Nikamuona mume wangu anavuta pumzi.

"Tafuteni na mpiga chusa basi," Evaristo alisema. "Hata mimi sitoki. Si kwa sababu ya mguu. Nilikuwa sitaki tangu Septemba."

"Tangu Septemba?" Leandro akaruka. "Mimi sitaki tangu mwanangu azaliwe! Nilikuwa natoka kwa ajili yako wewe, bwana! Nilisema nikiacha, Evaristo atavunjika moyo!"

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Mmoja akasema mgongo wake umekwisha miaka miwili iliyopita, ila aliona aibu mbele ya Tibério. Macho yote yakamgeukia Tibério, yule aliyezaliwa kwa ajili ya nyangumi. Tibério alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Mimi hutapika," alisema.

"Nini?"

"Kabla ya kila safari. Nyuma ya banda la mashua. Mnafikiri huwa nakwenda kukojoa."

Amâncio akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalaza paji la uso mezani, na wengine wakafuata, watu wazima saba wanafuta machozi, wanapigana mabega. Kila mmoja wao alikuwa amekwenda kwenye kifo miaka kadhaa kwa kumwonea haya aliyeketi kasia la mbele yake.

Laurénio alikuwa amesimama karibu na mlango. Akainua mkono kama mtoto darasani.

"Kwa kuwa leo ni siku ya ukweli," alisema, "mimi kuna siku naona nyangumi wana watoto, nageuza darubini upande wa pili."

Kicheko kikakatika.

"Mara ngapi?" Tibério akauliza.

"Sikuhesabu."

"Mwizi wewe! Mimi natapika bure na wewe unageuza darubini?"

"Si ungetapika mara nyingi zaidi, mpumbavu!"

Wakaanza upya kucheka, na mtu akamsukumia Laurénio glasi. Otília alikuwa analia karibu yangu. Nilifikiri atapanda juu ya meza na kusema, mnaona, niliwaambia. Badala yake alimwendea Amâncio, akamwambia, "Mzee, yote uliyosema kuhusu New Bedford ni kweli. Nilitaka ujue kwamba najua." Amâncio akampa kiti. "Keti, binti," alisema. "Kengele yako ni mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Ningeijua hata kuzimu."

Nilipomrudisha Evaristo nyumbani nilimuuliza habari za nyangumi mwenyewe, maana hakuna aliyemtaja. Alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto.

"Chusa limebaki ndani yake," alisema. "Na kamba ndefu. Chuma kilishika kwenye mafuta, hakikuingia ndani sana. Wapo wanaopona. Wapo wasiopona." Akaurekebisha mto chini ya mguu. "Hilo sitalijua. Nitaishi nalo tu."

Sikumfariji kwa uongo. Nilimletea maji ya moto akamalizia kunyoa.

Miaka michache baadaye sheria ya kukataza kuua nyangumi ilikuja kutoka serikalini Lisbon, na kiwanda kikafungwa. Vijiji vingine vilipinga, na siwalaumu. Mtu akinyang'anywa kitu kwa amri anaumia hata kama alikuwa amekichoka. Vijana wawili wa upande wa pili wa kisiwa walikuja kumwomba Evaristo awafundishe kurusha chusa, waende mara moja tu, kuionyesha serikali. Aliwapa mvinyo, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaonyesha kovu lake, akawasindikiza mpaka barabarani. Jioni ile alikula vizuri.

Mimi mabadiliko yangu niliyajua siku moja ya Juni, asubuhi, natundika nguo. Hapakuwa na upepo. Bahari ilikuwa tulivu, na mlima umevua wingu lake lote. Siku za namna hiyo ndizo nilizozichukia kuliko dhoruba, maana ndizo wanazoonekana nyangumi kwa mbali. Tangu niolewe, nikiamka na kuona anga safi, nilitega sikio nisikie fataki kabla hata sijavaa viatu. Nilikuwa nimeshatundika shuka la tatu nilipogundua kwamba ninaimba. Evaristo alikuwa shambani anachechemea kati ya kuta za mizabibu, anamkaripia mbuzi wa jirani. Nilimwita aje anywe kahawa, na alikuja polepole, bila haraka yoyote, akisimama njiani kung'oa magugu.